Panya hai au panya wa barafu? Miaka miwili ya kumlisha Shanga

Shanga ni chatu jike wa Afrika Magharibi, wa ile aina ndogo ambayo ikishtuka hujikunja na kuficha kichwa katikati hadi inafanana na mpira. Ana urefu wa mita moja na robo hivi. Jumapili nilimpima akawa na gramu 1,180. Mgongoni ana mabaka ya rangi ya kahawa yaliyopangana kama yametungwa kwenye uzi, na jina lake lilitoka hapo. Nilimpokea kwa mfanyakazi mwenzangu hapa Columbus, Ohio, aliyehamia jimbo jingine kwenye nyumba isiyoruhusu wanyama. Aliyenisihi ni binti yangu wa miaka 13. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Kilosa, nimekua nikijua nyoka ni wa kukimbiwa au wa kupigwa fimbo, na nilikubali kwa shingo upande. Leo imetimia miaka miwili, na ninampenda nyoka huyu.

Tangu niweke picha zake kwenye kundi letu la WhatsApp, maswali ni yale yale. Anakula nini? Huyo panya unampata wapi? Humwonei huruma? Nimeshalisha kwa njia tatu na ya nne nimeifikiria sana, kwa hiyo nitasema nilichokiona katika kila moja, pamoja na bei niliyolipa.

Kwanza tuelewane majina, maana kwetu panya ni panya tu, lakini huku wanauzwa kwa aina na kwa umri. Vipanya ni wale wadogo wa nyumbani ambao hata mkubwa wao mara nyingi hafiki gramu 40. Panya ni wale wakubwa zaidi. Wote wamefugwa kwa kazi hii, wengi ni weupe. Wapo vichanga, waliozaliwa juzi, wekundu, hawana hata unyoya. Wapo walioota malaika, wapo walioachishwa ziwa, halafu wadogo, wa kati na wakubwa. Chatu wa aina ya Shanga akianguliwa kwa kawaida hafiki gramu 100, na huanza na kipanya anayeanza kurukaruka au mtoto wa panya. Wengi watakuambia utazame unene, panya asizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Ni ushauri mzuri, ila mimi naamini mizani zaidi, na sababu nitaieleza.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa akimlisha panya hai, nami nikafuata nyayo. Kulikuwa na duka la wanyama njiani ninapotoka kazini. Muuzaji anamnyanyua panya, anamtia kwenye kiboksi cha karatasi chenye matundu, unalipa dola 7, umemaliza. Huna haja ya friza wala ya kuyeyusha chochote. Miezi mitatu ya mwanzo Shanga hakuwahi kukataa.

Kilichoanza kunisumbua ni sauti. Kiboksi nilikiweka kiti cha abiria, na dakika zote 15 za safari panya alikuwa akikwaruza karatasi akitafuta pa kutokea. Nimechinja kuku tangu nina miaka 11. Baba alinifundisha kunoa kisu kwanza, kumshika kuku vizuri, na kumaliza mara moja. Mnyama utakayemla hutakiwi kumwongezea mateso. Huyu panya sasa alikuwa anashushwa ndani ya tangi la kioo pamoja na chatu, hana shimo wala jani la kujifichia, na mara nyingine alikaa humo dakika kumi amejibana pembeni, sharubu zinatetemeka. Nilijiambia ndivyo ilivyo. Moyoni sikuridhika.

Jioni moja ya Novemba Shanga hakuvamia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa buluu, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba, na siku hizo nyoka wengi hawataki chakula kwa sababu hawaoni vizuri. Dalili hiyo sikuijua wakati ule. Nilikuwa na zamu ya usiku ghalani, nikaenda kuoga na kuvaa buti. Dakika 20, labda 25. Niliporudi panya alikuwa amekaa juu ya mgongo wa Shanga, anatafuna. Shanga alikuwa amejikunja mpira, kichwa ndani, ametulia tuli. Nilimtoa panya kwa glavu ya kazini. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba, magamba yameondoka, nyama inaonekana. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Baba, kwa nini hakujitetea?"

Asubuhi tulimpeleka kwa daktari anayetibu wanyama watambaao. Dola 260. Alisafisha kidonda, akatupa dawa ya kupaka, na sindano za antibiotiki za kumdunga wenyewe nyumbani kila baada ya saa 72. Alituambia ameshaletewa nyoka waliotobolewa macho na wengine ambao uti wa mgongo ulikuwa nje. Panya aliyefungiwa mahali pasipo chakula hutafuna kilicho mbele yake. Nikakumbuka kwamba kwenye kreti za lile duka, mara zote nilizokwenda, sikuwahi kuona chombo cha maji.

Najua hoja ya wanaotetea panya hai, kwamba hata porini nyoka hali maiti. Ni kweli. Lakini porini panya ana pa kukimbilia, na nyoka asiye na njaa ana pa kuondokea. Tangi la futi nne limewanyima wote wawili. Kama una nyoka aliyegoma kila kitu na daktari amesema lazima ale, basi keti hapo hapo, usigeuke hata kujibu simu, na baada ya dakika 15 mtoe panya. Zaidi ya hapo siwezi kumshauri mtu. Panya hai nampa nyota moja.

Kufuga panya mwenyewe nilikufikiria wiki mbili nzima. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu na kuzaa watoto kumi hivi kwa mkupuo, hesabu inayovutia. Lakini Shanga anakula panya wapatao 20 kwa mwaka. Kwa hao 20 nifuge familia nzima ya panya gereji, niwasafishie mkojo kila siku ya pili, kisha niwaue mwenyewe bila kuwa na ujuzi wala vifaa? Mwenye nyoka 30 sawa, afuge. Mwenye mmoja aache.

Basi nikahamia panya wa barafu, yaani waliouawa na kugandishwa na muuzaji. Mwanzo ulikuwa mbaya. Nilimtoa panya kwenye friza, nikamwacha juu ya meza ya gereji hadi akalainika, nikamweka tangini. Shanga akamsogelea, akatoa ulimi mara mbili, akaondoka. Asubuhi panya alikuwa pale pale, ananuka. Wiki iliyofuata yakawa hayo hayo. Mwenzangu mmoja wa kazini akanishauri nitumie maikrowevu. Nilijaribu mara moja tu na sitaki mtu mwingine ajaribu: tumbo lilipasuka, upande mmoja umeiva, wa pili bado barafu. Panya watatu wakaenda kwenye pipa la taka, na Shanga alikuwa anaingia wiki ya sita bila kula. Nyoka huyu anaweza kukaa miezi bila chakula asidhurike, nilishasoma hilo, lakini kulisoma na kulala usingizi ni mambo mawili.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba chatu huyu anawinda kwa joto. Tazama mdomo wake wa juu kwa karibu, utaona safu ya vijishimo vidogo kama vilivyochomwa kwa ncha ya kalamu. Vijishimo hivyo vinahisi joto la mwili wa mnyama hata gizani. Panya aliyepoa kama meza, kwake yeye si panya. Ananusa kitu, lakini hakioni.

Sasa nafanya hivi. Jumatatu usiku namhamisha panya kutoka friza kwenda friji, akiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, ayeyuke taratibu. Jumanne jioni nachukua bakuli la maji ya moto ya bomba, moto wa kuoga mtu mzima, si ya kuchemsha. Namzamisha panya na mfuko wake dakika 15, nabadilisha maji, dakika 10 tena. Namminya tumboni kwa kidole juu ya mfuko: kukiwa na kitu kigumu katikati, bado. Halafu nampima kichwani kwa kile kipimajoto cha kulenga, kile kile tulichokuwa tunaelekezewa usoni milangoni wakati wa korona. Nataka kichwa kifike nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi. Kikiwa chini ya hapo, nakipulizia draya ya nywele. Kichwa kikiwa na joto kuliko kiwiliwili, Shanga anavamia kichwa, na panya anayeanza kumezwa kwa kichwa hushuka vizuri, miguu imelala nyuma.

Nazima taa ya chumba. Namshika panya kiunoni kwa koleo refu la sentimita 40, nampitisha polepole mbele ya pango lake, hatua moja ya panya, nasimama, hatua nyingine. Kwanza ulimi unatoka, wa haraka haraka. Kisha ulimi unakoma, na hapo ndipo moyo wangu unapoanza kwenda mbio, kwa sababu ulimi ukikoma ameshaamua. Shingo inajipinda kama herufi S. Kuvamia kwenyewe sijawahi kukuona, hata siku moja. Naona tu kwamba koleo limevutwa na panya ameshazungushiwa pindo mbili za mwili. Namwachia koleo, lakini siondoki. Kwa dakika mbili nagusagusa mkia wa panya kwa ncha ya koleo.

Kuna sababu ya huko kugusagusa. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliotumia nyoka wa jamii ya boa, ambao nao huua kwa kubana. Walipewa panya waliokufa, wengine wakiwa wamewekewa kifaa kinachodunda kama moyo. Nyoka walibana kwa muda mrefu na kwa nguvu zaidi pale moyo ule wa bandia ulipokuwa ukidunda. Nyoka anasikiliza kwa mwili wake kama mawindo bado yana uhai. Chatu si boa, na mimi si mtafiti, lakini tangu nianze kumtikisa panya kidogo, Shanga hajawahi kumwachia na kuondoka. Anabana, anatulia, anaanza kumtafuta kichwa kwa pua, taratibu, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Taya la kushoto linasogea, kisha la kulia. Robo saa, nusu saa, mkia wa panya unaning'inia mdomoni, kisha haupo. Baada ya hapo hatumgusi saa 48, na upande wake wa joto tunauacha kwenye nyuzi 32 ili chakula kisage vizuri. Nyoka aliyelishwa halafu akakaa kwenye baridi anaweza kukitapika.

Sasa wauzaji. Hapa nataka kuwa mkali kidogo, kwa sababu panya wa barafu wanatofautiana sana.

Duka kubwa la wanyama lenye matawi kila mahali linauza mmoja mmoja kwa dola 4.99. Faida yake ni kwamba liko wazi hadi usiku na unanunua unachohitaji leo. Lakini pakiti zao zimeandikwa ukubwa kwa maneno, "mdogo", "wa kati", bila gramu. Niliwapima "wadogo" watatu niliowanunua siku moja: gramu 52, 61 na 84. Kwa nyoka wa gramu 1,180 hiyo ni tofauti kubwa, maana mtu mzima kama yeye namlenga panya wa asilimia tano au sita ya uzito wake kila baada ya wiki mbili na nusu hivi. Ukimpa wa 84 kila mara, baada ya mwaka una nyoka mnene, na unene kwa nyoka ni ugonjwa kama kwa binadamu. Tena mara moja nilikuta pakiti yenye chenga za barafu nyingi ndani, na panya alipoyeyuka tumbo lilikuwa la kijani. Alishawahi kuyeyuka akagandishwa upya. Ukiona chenga nyingi na tumbo lenye rangi hiyo, rudisha. Nyota tatu, kwa dharura tu.

Kuagiza kwa mtandao ndiko nilikotulia, ila si kwa muuzaji wa kwanza. Yule wa kwanza alinitumia mzigo siku ya Alhamisi, ukalala ghalani mwa wasafirishaji wikiendi, ukanifikia Jumatatu boksi limelowa na panya wamelainika. Walinirudishia nusu ya fedha. Muuzaji wa sasa anatuma Jumatatu na Jumanne peke yake. Boksi linafika Jumatano, ndani kuna kasha la povu nene, na barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, bado inafuka moshi ukifungua. Usiishike kwa mkono mtupu, inaunguza, na fungulia nje. Kila mfuko una panya watano na umeandikwa gramu 60 hadi 70. Nimewapima 12 bila kuchagua, wote wamo. Mikia mizima, pua safi, manyoya makavu. Bei ni dola 2.10 kwa panya, na usafiri dola 35 hata ukiagiza wachache. Kwa kuwa sipendi kuwaweka zaidi ya miezi sita au minane kwenye friza, nagawana oda na jamaa yangu kutoka Bukavu anayeishi mitaa mitatu kutoka kwetu, ana nyoka wawili wa aina inayoitwa nyoka wa mahindi (corn snake). Yeye anachukua vipanya, mimi panya, tunagawana usafiri.

Kilichonifanya nibaki na muuzaji huyu ni kwamba ameeleza wazi jinsi anavyowaua. Anatumia gesi ya kaboni dayoksaidi inayoingizwa pole pole. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kinaikubali njia hiyo kwa masharti, na mwongozo wake wa mwaka 2020 unataka gesi ijaze asilimia 30 hadi 70 ya chumba kwa dakika. Vichanga huchukua muda mrefu zaidi kufa kwa gesi kuliko wakubwa, kwa hiyo wewe unayenunua vichanga uliza mara mbili. Muuzaji akikujibu kwa hasira, tafuta mwingine. Mimi nilipouliza nilipata barua pepe ya aya nne siku hiyo hiyo. Nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki imezuiwa na bei ya usafiri.

Kuhusu usafi, mke wangu ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kugandisha kunaua vidudu vingi, lakini salmonela, bakteria inayoharisha watu, haifi kwa barafu. Uingereza, kuanzia mwaka 2015, mamia ya watu waliugua salmonela iliyofuatiliwa hadi kwenye vipanya wa barafu wa kulishia nyoka, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Huku Marekani CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, inashauri watoto wa chini ya miaka mitano wasiguse kabisa wanyama watambaao wala chakula chao. Kwa hiyo panya wetu hawajawahi kuingia jikoni. Tulinunua friza ndogo ya gereji na kijifriji cha mitumba. Bakuli ni la bluu, limeandikwa NYOKA kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa mke wangu. Maji ya kuyeyushia yanamwagwa chooni, si kwenye sinki la vyombo. Mikono kwa sabuni, hadi viwiko, kabla ya kumshika mtoto. Ukiona huwezi kutenga vyombo, heri usifuge nyoka kwanza hadi mtoto akue.

Sasa nije kwenye panya walionigusa kuliko wote.

Januari mwaka huu Shanga aligoma tena. Baridi kali, wiki ya saba, panya wa nyuzi 40 wanapitishwa mbele yake naye anageuza shingo. Kwenye maonyesho ya wafugaji wa nyoka mama mmoja akaniambia nijaribu panya wa Kiafrika wenye manyoya laini. Akafungua kasha lake la barafu, akatoa mfuko wa panya sita, dola 4 kila mmoja. Nikaushika mfuko na nikabaki nimeduwaa. Mgongo wa kahawia, tumbo la kijivu hafifu, mkia unaokaribia urefu wa mwili. Alikuwa panya shamba.

Si mfano wa kusema. Ni ukoo ule ule, Mastomys, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kimeuchunguza kwa miaka mingi kwa sababu wanapofumuka hakuna mkulima anayelala. Unapanda mahindi leo, usiku wa pili wameshafukua mbegu, wanafuata mstari wako kama wanasoma. Jike ana chuchu hadi 24, ndiyo maana wanaongezeka namna ile. Nakumbuka mwaka ambao baba alipanda mara tatu, na mara ya tatu mbegu alikopa. Panya hao walitulaza na njaa mimi na ndugu zangu, na sasa nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa Ohio nimewashika mkononi, ninatoa dola 24.

Wanaouzwa huku hawaletwi kutoka Afrika. Mwaka 2003 Marekani ilipiga marufuku kuingiza jamii zote za panya kutoka barani kwetu, baada ya ugonjwa unaoitwa sasa mpoksi kuingia pamoja na wanyama waliosafirishwa kutoka Ghana hadi Texas na kuwapata watu 47 katika majimbo sita, Ohio likiwemo. Hawa ni uzao wa vizimbani. Lakini kwa chatu wa aina ya Shanga, ambaye asili yake inaanzia Senegali inakwenda hadi Uganda, hicho ndicho chakula cha mababu zake. Nilimwandaa mmoja, gramu 48, kwa utaratibu ule ule. Hata sikuwa nimezima taa. Alitoka pangoni nusu mwili nzima na kumnyakua kwenye koleo.

Nawapa nyota nne. Wana kasoro mbili. Ni ghali na hawapatikani kila siku. Tena wafugaji wenzangu wamenionya kwamba nyoka akiwazoea anaweza kukataa wale weupe, kwa hiyo nimempa wawili tu, na wanne niliobaki nao nimewawekea akiba ya mgomo ujao. Siku hizi nikimwandaa panya mweupe namsugua kwanza kwa kipande cha kitambaa nilichokiweka kwenye mfuko wa panya shamba. Hadi sasa Shanga ameshakula weupe sita mfululizo.

Nilimtumia baba picha ya ule mfuko. Akapiga simu saa hiyo hiyo, kwake ilikuwa saa nne usiku.

"Huyo si panya shamba huyo?"

"Ndiye, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umemtoa wapi huko?"

Nikamweleza, na bei nikaitaja. Akanyamaza. Akauliza wanalishwa nini. Nikamwambia vidonge vya nafaka, vinatengenezwa kiwandani. "Si mahindi?" Nikamwambia si mahindi ya shambani kwa mtu. Akanyamaza tena, nikadhani simu imekatika. Baba yangu ameua nyoka maisha yake yote kwa jembe, na hajawahi hata mara moja kuniuliza habari za Shanga tangu nimwambie ninamfuga.

"Na kile kidonda cha mgongoni," akasema, "kimefunga?"

Nikamwambia kimefunga. Magamba yamerudi, ila pale pana alama nyeupe, na kila akijivua inazidi kuwa ndogo.